Isidor Rabi: Mwanafizikia ambaye udadisi wake ulizaa kipimo cha MRI

Mgonjwa anayeambiwa na daktari wake kwamba anahitaji kipimo cha MRI, awe Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, kwanza huuliza bei. Kisha huuliza kama kinauma. Ni nadra mtu kuuliza kipimo hicho kilianzia wapi. Mizizi yake imo katika jiji la New York la miaka ya 1930, ndani ya maabara ambayo haikuwa na mgonjwa wala daktari, mikononi mwa mtu aliyekuwa akitafuta jambo jingine kabisa. Mtu huyo ni Isidor Isaac Rabi, mwanafizikia wa Marekani aliyefariki dunia mwaka 1988, na ambaye muda mfupi kabla ya kifo chake alilazwa yeye mwenyewe ndani ya mashine hiyo.

Rabi alizaliwa tarehe 29 Julai 1898 katika mji mdogo wa Rymanów, uliokuwa wakati huo chini ya himaya ya Austria na Hungaria na ambao leo umo ndani ya Poland. Wazazi wake walikuwa Wayahudi maskini walioshika dini kwa dhati. Baba alitangulia kwenda Marekani kutafuta riziki, na mtoto akafuata na mama yake akiwa bado mchanga. Familia ilianza maisha katika mitaa iliyosongamana ya mashariki ya Manhattan, baba akifanya kazi za vibarua na ushonaji, kabla ya kuhamia Brooklyn na kufungua duka dogo la vyakula.

Nyumbani walizungumza Kiyidi, na maisha yote yalipangwa kwa kufuata dini. Lakini karibu na nyumba yao palikuwa na maktaba ya umma, na kijana huyo alianza kusoma vitabu vya sayansi kwa kufuata mpangilio wa rafu. Kitabu cha elimu ya nyota kilimweleza kwa nini mwezi huandama, hukua na kupungua, na maelezo hayo yakamtikisa kwa jinsi yalivyokuwa mepesi. Alipofikia umri wa kutambuliwa kuwa mtu mzima katika dini yake, sherehe ambayo kwa kawaida kijana huitolea hotuba ya maandiko, yeye aliwasimulia wageni kwa Kiyidi jinsi taa ya umeme inavyowaka. Baadaye maishani alipenda kueleza kwamba mama yake, tofauti na akina mama wengine wa mtaani, hakumuuliza amejifunza nini shuleni siku hiyo. Alimuuliza kama ameuliza swali zuri.

Njia yake ya kuufikia usomi haikunyooka. Aliingia Chuo Kikuu cha Cornell mwaka 1916 kusomea uhandisi wa umeme, akahamia kemia, na kuhitimu mwaka 1919. Kazi haikupatikana kwa urahisi, kwani viwanda na vyuo vingi vya wakati huo havikuwa na hamu ya kuajiri Wayahudi, na kwa takriban miaka mitatu alitangatanga bila mwelekeo. Aliporudi masomoni aligundua kwamba sehemu ya kemia aliyoipenda ilikuwa kwa kweli fizikia. Mwaka 1923 alihamia Chuo Kikuu cha Columbia, New York, kwa sababu mbili ambazo ni vigumu kusema ipi ilikuwa nzito zaidi: fizikia yenyewe, na binti aitwaye Helen Newmark aliyekuwa akisoma mjini humo.

Utafiti wake wa shahada ya uzamivu ulihusu tabia ya fuwele fulani za chumvi zinapowekwa karibu na sumaku. Wengine waliofanya kazi kama hiyo walitumia muda mrefu kuzichonga na kuzipima fuwele hizo kwa taabu. Rabi hakuwa mtu wa kupenda taabu. Aliitumbukiza fuwele ndani ya kimiminika, akawa anabadilisha nguvu ya mchanganyiko huo kidogo kidogo hadi sumaku ikashindwa kutofautisha fuwele na kimiminika kilichoizunguka; hapo akapima kimiminika badala ya fuwele. Kazi iliyotarajiwa kuchukua miezi mingi ilimalizika kwa wiki chache. Aliituma kuchapishwa Julai 1926, na siku iliyofuata akafunga ndoa na Helen.

Mwaka uliofuata alikwenda Ulaya, ambako fizikia mpya ya atomu ilikuwa ikizaliwa. Alipita Munich, Copenhagen, Hamburg na Leipzig, akakaa na watu ambao majina yao leo yamejaa vitabuni: Bohr, Pauli, Heisenberg. Aliyemwathiri zaidi alikuwa Otto Stern wa Hamburg, bingwa wa kurusha atomu katika mwali mwembamba ndani ya chombo kisicho na hewa na kuutazama mwali huo ukipindishwa na sumaku. Rabi aliurudisha ujuzi huo New York mwaka 1929, Columbia ilipompa kazi ya uhadhiri. Wanafunzi wake wengi walikubaliana kwamba alikuwa mwalimu mbaya darasani, asiyejiandaa na mgumu kufuatika. Hata hivyo, walimiminika katika maabara yake, na wawili kati ya vijana aliowalea, Julian Schwinger na Norman Ramsey, walikuja kupata Tuzo ya Nobel. Fedha za kuanzishia maabara hiyo zilitokana kwa sehemu na ukarimu wa mwenzake, mkemia Harold Urey, aliyemgawia nusu ya fedha za tuzo yake mwenyewe.

Alichokuwa akikitafuta kinaweza kuelezwa hivi. Katikati ya kila atomu mna kiini, na viini vya aina nyingi huzunguka kama pia ya mtoto na kuwa na tabia ya sumaku ndogo mno. Rabi alitaka kujua nguvu ya sumaku hiyo. Mwaka 1937 alipata njia. Kiini kinapowekwa katikati ya sumaku kubwa, huyumba kwa mwendo maalumu, mfano wa pia inayoanza kulala upande huku bado inazunguka, na kadiri sumaku kubwa inavyokuwa na nguvu ndivyo kuyumba kunavyokuwa kwa haraka. Sasa, ukikipigia kiini hicho mawimbi ya redio yenye mwendo tofauti na wake, hakisikii. Ukikipigia mawimbi yenye mwendo uleule hasa, hupokea nishati na kugeuka. Ni kama kusukuma bembea: msukumo mdogo unaokuja kwa wakati wake huipandisha juu, na msukumo mkubwa usiofuata wakati hupotea bure.

Katika chombo cha Rabi, molekuli zilirushwa kwenye ombwe kupita kati ya sumaku hadi kwenye kipokezi kilichokuwa upande wa mwisho. Mawimbi ya redio na nguvu ya sumaku vilipolingana, viini viligeuka, molekuli zikapotea njia, na idadi ya zilizofika ikaporomoka ghafla. Kuporomoka huko ndiko kulikokuwa jibu. Mwaka 1938 yeye na wenzake walichapisha matokeo ya kwanza, na mwaka 1944 alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fizikia. Hakuna mstari katika kazi hizo uliotaja ubongo, uti wa mgongo au goti. Aliyemwambia mfadhili wa wakati huo kwamba utafiti huo ungeokoa wagonjwa angeonekana mzushi.

Kufikia wakati wa kutunukiwa, Rabi alikuwa ameiacha maabara yake kwa ajili ya vita. Tangu mwishoni mwa 1940 alikuwa mmoja wa viongozi wa maabara ya rada katika taasisi ya MIT, jimboni Massachusetts. Rafiki yake Robert Oppenheimer alimtaka awe msaidizi wake mkuu huko Los Alamos, mahali bomu la atomu lilipokuwa likitengenezwa. Rabi alikataa, akakubali tu kuwa mshauri anayekwenda na kurudi. Alikuwapo jangwani New Mexico alfajiri ya tarehe 16 Julai 1945, bomu la kwanza lilipojaribiwa. Wanasayansi walikuwa wamewekeana dau kuhusu ukubwa wa mlipuko. Rabi alichelewa kufika, akachukua tarakimu iliyokuwa imebaki, tani 18,000 za baruti ya TNT, na kwa vipimo vya wakati ule akashinda. Ushindi huo haukumfurahisha kwa muda mrefu. Mwaka 1949 yeye na Enrico Fermi walitia saini maoni ya kupinga kutengenezwa kwa bomu la haidrojeni kwa sababu za kiutu. Mwaka 1954, Oppenheimer alipohojiwa na kuvuliwa dhamana ya kuaminiwa na serikali, Rabi alisimama kumtetea wakati ambapo kufanya hivyo kulikuwa na gharama yake. Miaka minne kabla ya hapo, katika mkutano wa UNESCO mjini Florence, alikuwa ametoa pendekezo lililosaidia kuzaliwa kwa CERN, maabara ya pamoja ya mataifa ya Ulaya.

Wakati huo ugunduzi wake uliendelea na safari yake katika mikono mingine. Mwali wa Rabi ulihitaji molekuli zilizotawanywa katika ombwe, na binadamu hatawanywi. Mwanzoni mwa 1946, Felix Bloch wa Stanford na Edward Purcell wa Harvard, ambaye wakati wa vita alifanya kazi katika maabara ileile ya rada, walionyesha kila mmoja kwa njia yake kwamba viini vinaweza kusikika vikiwa ndani ya vitu vya kawaida. Bloch alitumia maji. Purcell alitumia parafini, nta ile ya kutengenezea mishumaa. Wakapata Nobel mwaka 1952, na kwa miaka mingi mbinu hiyo ikawa chombo cha wanakemia.

Mwili wa binadamu, kwa sehemu kubwa, ni maji, na kila chembe ya maji ina viini viwili vya haidrojeni, yaani protoni mbili. Hiyo ndiyo siri ya MRI. Mgonjwa anapoingizwa katika mashine yenye sumaku ya tesla 1.5, anakuwa katika nguvu inayozidi ile ya sumaku ya dunia takriban mara 30,000. Protoni zake huanza kuyumba karibu mara milioni 64 kwa sekunde. Ni chache tu katika kila milioni zinazoegemea upande mmoja zaidi ya mwingine, lakini mwili una protoni nyingi mno hivi kwamba hizo chache zinatosha. Mashine hutuma mawimbi ya redio yanayolingana na mwendo huo, protoni hugeuka, kisha mawimbi yanapokatwa hurudi polepole mahali pake huku zikitoa ishara hafifu inayonaswa na antena. Maji yaliyomo katika uvimbe, katika mafuta na katika ubongo wenye afya hayarudi kwa kasi moja. Tofauti hiyo ndiyo inayogeuzwa kuwa weusi na weupe wa picha.

Mwaka 1971 daktari Raymond Damadian alionyesha kwamba uvimbe wa saratani katika panya hutoa ishara tofauti na nyama yenye afya. Lakini ishara peke yake haikuonyesha inatoka wapi. Paul Lauterbur alitatua hilo mwaka 1973 kwa kuifanya sumaku iwe na nguvu zaidi upande mmoja kuliko mwingine, ili protoni za kila sehemu ziyumbe kwa mwendo wake na hivyo kujitaja mahali zilipo. Peter Mansfield wa Uingereza akapata hesabu za kuharakisha kazi. Lauterbur na Mansfield walipata Nobel ya Tiba mwaka 2003. Damadian aliachwa, na malalamiko yake kuhusu jambo hilo yalisikika magazetini.

Mashine zilipoanza kuingia hospitalini katika miaka ya 1980, jina la mbinu yenyewe lilikuwa na neno nyuklia, kwa maana ya kiini. Wagonjwa walilisikia wakafikiria bomu. Neno likaondolewa, na kilichobaki ni herufi tatu zinazojulikana leo. Kwa kweli hofu hiyo haikuwa na msingi, kwa kuwa MRI haitumii mionzi kama ya eksirei au CT-Scan. Lakini ni jambo la kutafakari kwamba neno hilohilo lilizigusa pande zote mbili za maisha ya Rabi, maabara yake ya amani na jangwa la New Mexico.

Rabi alistaafu Columbia mwaka 1967 na kuendelea kuishi New York akiwa mzee mwenye ulimi mkali na marafiki wengi. Katika ugonjwa wake wa mwisho, madaktari waliagiza apimwe kwa MRI. Akalazwa chali juu ya kitanda chembamba na kusukumwa ndani ya bomba. Sehemu ya ndani ya bomba hilo iling'aa kiasi cha kurudisha taswira, naye akaona uso wake mwenyewe ukiwa umepotoka juu yake. Baadaye aliwaeleza watu kwamba lilikuwa jambo la ajabu kwake, kwani hakuwahi kudhani kazi yake ingefikia hapo.

Kilichompata Rabi ndani ya bomba ndicho kinachompata kila mgonjwa. Nafasi ni finyu, na wapo ambao hofu huwashika wakaomba kutolewa kabla kipimo hakijaisha. Kelele inayofanana na nyundo hutoka katika koili zinazotetemeka kila umeme unapopita ndani yake, na inaweza kuvuka desibeli 100, ndiyo maana mgonjwa huzibwa masikio. Kazi huchukua dakika 20 hadi saa moja kutegemea kiungo kinachopigwa picha, na katika muda huo hatakiwi kutikisika. Mtoto mdogo, au mtu mwenye maumivu makali, mara nyingi hulazimika kupewa dawa ya usingizi, jambo lenye hatari zake.

Kisha kuna chuma. Sumaku ya MRI haizimwi mgonjwa anapotoka. Huwa hai usiku na mchana. Mwaka 2001, katika jimbo lilelile la New York alikokulia Rabi, mtoto wa miaka 6 alipoteza maisha baada ya mtungi wa oksijeni kuvutwa na sumaku akiwa ndani ya mashine. Kwa sababu hiyo mgonjwa huulizwa maswali yanayoweza kumchosha: kama amewahi kufanyiwa upasuaji, kama ana kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, kama kuna kipande cha chuma jichoni au risasi mwilini. Vifaa vingi vya siku hizi hutengenezwa viweze kuvumilia sumaku, lakini si vyote, na anayeficha jibu hujihatarisha mwenyewe. Dawa ya gadolini inayochomwa mshipani ili kuing'arisha picha nayo ina masharti yake. Tangu mwaka 2006 baadhi ya aina zake zinajulikana kuhusishwa na ugonjwa mbaya wa kukakamaa ngozi kwa watu ambao figo zao zimeharibika sana.

Hata picha nzuri ina mipaka yake. Mapafu, yaliyojaa hewa, hutoa ishara kidogo, na mfupa mgumu vilevile. Aliyepata ajali na kuvuja damu mara nyingi hupelekwa kwanza kwenye CT-Scan kwa kuwa huchukua sekunde chache. Na mashine huona mambo mengi yasiyo ugonjwa. Mwaka 1994 watafiti wa Marekani waliwapiga picha za mgongo watu 98 ambao hawakuwa na maumivu yoyote ya mgongo, na zaidi ya nusu yao walikutwa na angalau diski moja iliyotokeza. Anayeumwa mgongo na kupewa picha ya namna hiyo huenda akafanyiwa upasuaji wa kitu ambacho hakikuwa na kosa. Swali zuri, kama lile alilodai mama yake Rabi, linahitajika kabla ya mashine kuwashwa.

Bei, lile swali la kwanza la mgonjwa, inatokana na sumaku yenyewe. Waya zake huhitaji kupozwa kwa heliamu ya kimiminika karibu na ubaridi wa mwisho kabisa, chumba hujengwa kwa kinga maalumu, na umeme usiotulia huweza kuleta hasara kubwa. Katika Afrika Mashariki hilo limewafanya wengi wasafiri mbali kuifikia mashine. Nchini Uganda, watafiti wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara walijaribu njia nyingine mwaka 2022. Wakishirikiana na wenzao wa Uholanzi waliounda vipuri vyake, waliunganisha palepale, kwa muda usiofika wiki mbili, mashine ndogo isiyohitaji heliamu, inayotumia sumaku nyingi za kudumu zilizopangwa kwa duara. Nguvu yake ni takriban tesla 0.05, na picha zake ni za ukungu zikilinganishwa na zile za hospitali kubwa. Walioibuni walikuwa na lengo moja mbele yao, watoto wenye vichwa maji, ambao daktari anahitaji kuona maji yamejaa wapi na kwa kiasi gani. Kwa swali hilo picha ya ukungu inaweza kutosha.

Rabi hakuyaona hayo. Mashine iliyomwonyesha uso wake iliwapa madaktari picha za ndani ya mwili wake, na haikuwa na uwezo wa kufanya zaidi ya hapo. Alifariki dunia nyumbani kwake Manhattan tarehe 11 Januari 1988, baada ya kuugua kwa muda mrefu, akiwa na umri wa miaka 89.